Wezi wa Nyumba ya Tatu

Sanduku lilikuwa dogo kuliko alivyotarajia, lakini zito kama dhambi. Mama Stoo alilibeba kwa mikono miwili kutoka jikoni hadi gereji, akalitua juu ya meza ya vifaa, kisha akaita kwa sauti ileile anayowaitia wapakizi kazini.

"Spana! Njoo uone kazi yako."

Jina la Mama Stoo alibandikwa na wapakizi hao. Alikuwa mkuu wa stoo katika kiwanda cha samani, mwaka wa kumi na nne huo, na haikuwahi kutokea bisibisi ikatoka mlangoni mwake bila saini, wala ufunguo ukalala nje ya ndoano yake. Nyumbani hakuwa mtu mwingine. Kabati la dawa lilikuwa na kufuli, kabati la sukari lilikuwa na kufuli, na mumewe alizoea kusema kwamba iko siku ataamka akute amegongwa namba mgongoni.

Spana alikuja akijifuta mikono kwa kitambaa. Huyu alikuwa mdogo wake, tumbo moja, titi moja, na jina hilo alilipata utotoni kwa sababu hapakuwa na kitu kilichofungwa kwa nati ambacho hakukifungua: redio, saa ya ukutani, na mara moja kitanda babu yao akiwa bado amekilalia. Sasa alikuwa na miaka thelathini na mitano, mrefu, mwembamba, fundi wa mageti na madirisha ya chuma katika karakana moja upande wa pili wa mji. Alikaa kwa dadaye, katika chumba cha pembeni kilichopakana na gereji, mwaka wa pili.

Akaligeuza sanduku, akasoma.

"Nanga ya sakafuni. Dada, tunafunga baiskeli au meli?"

"Fungua, acha maneno."

Ndani mlikuwa na bamba la chuma la ukubwa wa sahani, lenye pete nene katikati na matundu manne kwenye pembe. Mlikuwa na bolti nne za kutanuka, mnyororo uliovishwa kitambaa kigumu, kufuli la kiganja kizima, na kifuko kidogo cha plastiki chenye gololi nne za chuma.

"Kitu cha maana hiki," Spana alisema akiupima mnyororo mkononi. Macho yake yaling'aa kama ya mtoto aliyepewa kinachomfaa. "Kwa nini leo, lakini? Baiskeli zimekaa humu miaka yote."

Mama Stoo alikuwa amejiandaa kwa swali hilo tangu juzi.

"Wezi wameingia mtaani. Nyumba ya tatu kutoka hapa, kwa Mkunga. Wamebeba."

"Kwa Mkunga? Lini?"

"Wiki hii."

"Waliingiaje?"

Hapo hakuwa amejiandaa. "Nasikia walikata kufuli la mbele," alisema, akainama kuokota karatasi ya sanduku ambayo haikuwa imeanguka.

Hapakuwa na wezi. Mkunga, yule mama mstaafu wa nyumba ya tatu aliyezalisha nusu ya mtaa, hakuwa ameibiwa hata ndoo. Ukweli ulikuwa mwingine, na Mama Stoo alikuwa ameuficha vizuri kuliko sukari.

Miaka sita nyuma, Spana alipokuwa mtu wa chupa asubuhi na jioni, aliichukua baiskeli ya dadaye akaiuza, akainywa. Ndiyo baiskeli Mama Stoo aliyokuwa akiendea masomo ya jioni ya diploma. Muhula mzima wa mwisho alikwenda na kurudi kwa miguu, akifika nyumbani viatu mkononi. Alisamehe. Alimwambia amesamehe, na siku Spana alipoacha pombe ni yeye aliyemfungulia chumba cha pembeni, akamwambia mbele ya mumewe, "Hapa ni kwenu." Tangu siku hiyo Spana hakugusa tone. Aliamka mapema, akaenda kazini kwa baiskeli kuukuu ya shemeji yake, akarudi, akala, akarekebisha kila kilicholegea nyumba nzima.

Sasa Alhamisi ya wiki mbili zilizopita, Mama Stoo alirudi mchana kuchukua karatasi alizosahau. Alikuta mlango wa gereji wazi, na baiskeli mpya ya binti yake haipo.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kabla hajatua mkoba alikuwa ameshamkamata mdogo wake, amemshtaki na amemfunga. Alimpigia simu mumewe akamwambia maneno mawili tu: "Ameanza tena." Dakika arobaini baadaye Spana aliingia getini juu ya ile baiskeli ya kike ya rangi ya zambarau, magoti yakimgonga kidevu, anacheka peke yake.

"Dada! Umerudi? Breki za huyu mtoto zilikuwa zinalia, nimekwenda kuzijaribu mteremkoni. Sasa hivi ukizishika unaweza kuruka juu ya usukani."

Alimwambia asante. Aliingia chumbani, akakaa kitandani na viatu vyake, akaona haya kama mtu aliyefumaniwa. Lakini haya ile haikumzuia. Kesho yake alikwenda dukani akaagiza nanga. Kumwambia Spana "naifunga kwa sababu yako" hakuweza, mdomo ungemwungua. Kuiacha bila kuifunga hakuweza pia. Akatafuta wezi, akawakuta kwa Mkunga.

"Kama walikata kufuli la mbele," Spana alikuwa akisema, amechuchumaa, anaitazama sakafu, "basi hawa ni watu wa mkasi mkubwa. Mkasi ule unataka nafasi, lazima mtu afungue mikono hivi." Akaipanua mikono. "Kwa hiyo nanga tuiweke kona ile ya ndani, karibu na ukuta. Mtu akileta mkasi, mpini unagonga ukuta. Lakini kama walikuja na msumeno wa umeme, ni habari nyingine."

"Weka popote, ilmradi ishike."

"Popote si kazi, dada." Akasimama. "Natoka dakika kumi. Nataka waya mrefu wa umeme, huu haufiki kona."

Akatoka. Mama Stoo akabaki anasogeza makopo ya rangi kutoka konani, anapiga mluzi, ameridhika kwamba neno limepita salama.

Dakika kumi zikawa ishirini na tano. Spana alirudi na waya mrefu begani, hakusema aliupata wapi. Aliichomeka drili yake ya karakana na kuanza kazi. Aliweka bamba chini, akalisukuma kidogo kulia, akazungusha chaki ndani ya matundu manne. Akapima urefu wa bolti kwenye biti ya drili, akazungushia utepe mwekundu pale biti itakapopaswa kukoma. Yote haya aliyafanya kimya. Kwa kawaida Spana akifanya kazi huongea na chuma, huongea na zege, hutukana bolti kwa majina ya watu. Mama Stoo alidhani ni uchovu wa wiki.

Drili iliunguruma. Vumbi la zege lilipanda jeupe, likamjaa nyusi, akawa kama mzee. Kila tundu alipolimaliza, alichukua pampu ya baiskeli, akaingiza mpira wake tunduni na kupuliza mpaka vumbi likome kutoka.

"Kwa nini unapuliza?"

"Vumbi likibaki, bolti inashika vumbi, haishiki zege. Kwa nje utaona imekaa. Siku ikivutwa, inakuja yote."

Mumewe alileta chai, vikombe vitatu kwenye sinia, akasimama mlangoni na bukta yake ya Jumamosi. Alikuwa mtu wa mzaha, na mzaha wake haukuwa na breki.

"Shemeji, ukimaliza hizo baiskeli nifunge na mimi hapo hapo. Huyu dada yako siku hizi ananitilia shaka."

Hakuna aliyecheka. Mama Stoo alimtupia jicho la kuchoma maandazi, maana mume ndiye mtu mwingine pekee aliyejua ile simu ya maneno mawili. Mume aliliona jicho, akakumbuka, akameza mate, akasema chai itapoa.

"Iache hapo, shemeji," alisema Spana bila kuinua kichwa. "Nitakunywa."

Bolti ziliingia moja moja kwa nyundo, kisha Spana akazikaza kwa alenki, ile spana nyembamba yenye umbo la kiwiko ambayo ncha yake huingia kwenye tundu la kichwa cha bolti. Alikaza mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Alishika pete kwa mikono miwili, akaweka mguu ukutani, akavuta. Nyumba ingekuja kabla ya ile nanga.

"Funguo ziko ngapi?" aliuliza.

"Tatu."

Zilikuwa mfukoni mwake, kila moja na kibandiko, kama kazini. Alikuwa ameviandika usiku uliopita, kwa mwandiko wake wa herufi kubwa: MAMA. BABA. BINTI. Aliingiza mkono mfukoni akazishika zisilie.

"Basi zinawatosha," alisema Spana.

Baiskeli kuukuu ya kwenda kazini, ile aliyoipanda kila siku saa kumi na mbili asubuhi, ilikuwa imeegemea ukuta pamoja na zile nyingine, ikisubiri mnyororo.

Spana akafungua kile kifuko kidogo, akamwaga gololi nne kiganjani.

"Hizi nilidhani ni za akiba," alisema Mama Stoo, afadhali kuna la kusema.

"Si za akiba. Tazama. Bolti nimeikaza kwa alenki, si ndiyo? Basi mwingine mwenye alenki anaweza kuilegeza. Sasa unachukua gololi, unaiweka kwenye lile tundu la bolti, unaigonga kwa nyundo mpaka inazama. Tundu limekufa. Hakuna alenki itakayoingia tena. Hata mimi niliyeifunga siwezi kuifungua."

Akamnyooshea nyundo, mpini mbele.

"Gonga wewe, dada."

"Mimi? Wewe si ndiye fundi?"

"Gonga wewe. Ili uwe na uhakika."

Lilikuwa neno dogo, limesemwa kwa upole. Mama Stoo alipiga magoti kwenye vumbi. Gololi ya kwanza ilimponyoka ikakimbilia chini ya makopo, Spana akaifuata, akaileta, akaishika kwa vidole viwili ili agonge. Aligonga. Aligonga ya pili, na ya tatu. Vidole vya mdogo wake vilikuwa pale pale, karibu na nyundo, havikutikisika.

"Ongeza," alisema. "Hiyo bado inacheza."

Akaongeza.

* * *

Nguo zilikuwa zimemsubiri kwenye beseni tangu asubuhi. Alikuwa ameshika shati la mumewe, vibanio mdomoni, pale kichwa cha Mkunga kilipochomoza juu ya ukuta wa barabarani. Mkunga alikuwa mfupi, kwa hiyo ilimaanisha kwamba amepanda juu ya kitu, na Mkunga hakupanda juu ya kitu kwa jambo dogo.

"Mama Stoo. Uko peke yako?"

"Niko na nguo. Vipi mama, salama?"

"Sijui kama ni salama." Alishusha sauti. "Ndugu yako alikuja kwangu asubuhi."

Vibanio vilimtoka mdomoni.

"Kaja, kapiga hodi kwa adabu zote, sikatai. Ananiambia, 'Mama, pole na wezi.' Namwambia wezi gani, mwanangu? Tangu nijenge nyumba hii hajaingia hata panya. Anashangaa. Ananiuliza kufuli langu la mbele liko wapi, walikatia wapi, walikuja na mkasi au na msumeno. Analitazama geti langu, analishika, anasema linahitaji chuma kingine pale chini. Halafu kama aliyemwagiwa maji, ananyamaza. Anasema, 'Samahani mama, nimekosea nyumba.' Akaniomba waya wa umeme, nikampa, nifanyeje."

Mama Stoo alikuwa akiona ile njia kutoka gereji hadi nyumba ya tatu, na mdogo wake akiitembea haraka haraka kwenda kuuliza, ili aifunge nanga ya dadaye mahali panapofaa.

"Sasa utaniwia radhi," Mkunga aliendelea, "mimi ni mtu wa kusema. Huyu kijana historia yake tunaijua. Mtu mwenye historia, anakuja kuniuliza nyumba yangu inavunjwa vipi? Nilipomaliza kushtuka nikawapitia wawili watatu hapa, mama mwenye saluni na fundi cherehani, nikawaambia jamani tukaze milango. Nawe nimeona nisikufiche. Ni damu yako, lakini macho hayana pazia."

Hapo ndipo mahali pa kusema. Nafasi ilikuwa wazi kama geti. Sentensi moja tu ilitosha: ni mimi niliyemdanganya. Mama Stoo, aliyezoea kumwambia mkurugenzi wa kiwanda mbele ya watu kwamba hesabu ya mbao zake ni ya kubuni, alifungua mdomo.

"Ahaa," alisema. "Basi nitamuuliza."

"Muulize kwa upole."

"Nitamuuliza."

Kichwa cha Mkunga kilizama nyuma ya ukuta. Mama Stoo alibaki ameshika shati lenye maji, maji yakimtiririka kiwikoni hadi kwapani, na uso ukimwaka kama aliyeinamia jiko. Njia ya mwongo ni fupi, alifundishwa hivyo akiwa mdogo. Hakufundishwa kwamba mwongo anaweza kumtanguliza mtu mwingine kwenye njia hiyo, huyo akafika mwisho wake peke yake, akagonga ukuta, akarudi na waya begani kuja kuendelea na kazi.

Spana alijua, basi. Alijua kabla ya tundu la kwanza. Alijua aliposema zinawatosha. Alijua alipomnyooshea nyundo.

Alilitupa shati kwenye beseni.

* * *

Spana alikuwa anafagia. Baiskeli nne zilikuwa zimepangwa konani vizuri kama vijiko, mnyororo umepita katika kila fremu na kuingia kwenye pete, kufuli limebanwa. Chai yake ilikuwa bado kwenye sinia, imefanya utando.

Mama Stoo alisimama mlangoni. Alizoea kuingia kwenye neno kama anavyoingia kwenye maji baridi, mara moja, lakini leo miguu ilikataa.

"Hakukuwa na wezi," alisema.

"Najua."

"Mkunga kaniambia ulikwenda."

"Nilikwenda." Alifagia vumbi kuelekea mlangoni, akasimama alipozifikia ndala za dadaye. "Sogea kidogo, dada, nitakuchafua."

"Kwa nini hukusema kitu? Ulirudi, ukatoboa, ukapuliza, ukafunga, mdomo kimya!"

"Ningesema nini?" Alimtazama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Vumbi lilikuwa bado kwenye nyusi zake. "Nikisema siifungi, ungejiuliza mwenyewe: huyu anakataa kwa nini? Mtu anayeshukiwa akikataa kufunga kufuli, si amejibu? Ikabidi nifunge. Na nifunge vizuri, maana ningelegeza bolti moja tu, siku ikitikisika ningekuwa mimi."

Mama Stoo alikalia ndoo ya rangi.

"Ni ile Alhamisi," alisema. "Baiskeli ya mtoto. Nilirudi sikuikuta. Nikasema..." Ilimbidi ayasukume maneno. "Nikasema umeiuza. Nilimpigia shemeji yako nikamwambia umeanza tena. Kabla sijakuona. Kabla sijakuuliza."

"Alaa." Spana aliushika ufagio kwa mikono miwili. Hili alikuwa halijui. "Na mimi nilikuja nacheka."

"Ulikuja unacheka."

Kutoka jikoni redio ilikuwa ikisoma matokeo ya mechi. Walisikiliza magoli ya watu wasiowajua.

"Ile baiskeli yako niliiuza, dada," alisema Spana. "Kuacha kunywa hakukuirudisha. Ungeniita ukaniambia, Spana, nakuogopa, funga hii nanga kwa sababu yako wewe, ningeumia. Lakini ningeifunga. Ningekaa nayo. Mtu akikwambia unanuka unakwenda kuoga. Wewe umeniambia ni watu wengine, mimi nikaingia barabarani kifua mbele kwenda kuwatafuta. Nilimwambia yule mama geti lake linahitaji chuma. Nilitaka nimchomee bure." Alicheka, kicheko kikavu kisichokwenda popote. "Ananitazama mikono, dada. Ananitazama hii mikono kama anaihesabu vidole."

Mama Stoo alitoa funguo mfukoni. Alichukua ule wenye neno MAMA, akaanza kung'oa kibandiko kwa kucha.

"Chukua huu."

"Sitaki."

"Chukua, utaendaje kazini Jumatatu?"

"Nitakwenda kwa miguu. Usinipe leo. Leo unataka kunipa ili wewe upone. Siku utakayonipa kama unavyompa mtoto, bila kufikiri, nitauchukua." Akarudia kufagia. "Ufunguo si kitu. Nyie wekeni. Mimi nafikiria pale nje. Miaka miwili napita barabara hii na watu wameanza kuniamkia. Fundi, habari za asubuhi. Fundi, geti langu linakwaruza. Sasa sijui kesho nitapitaje."

Hakujua hata nusu yake. Hakujua habari ya mama mwenye saluni, wala ya fundi cherehani. Hakujua kwamba dadaye alisimama uani robo saa iliyopita, akapewa nafasi ya kumtetea kwa sentensi moja, akasema "nitamuuliza".

Mama Stoo alikuwa amekiri mambo mawili, akadhani amejivua lawama. Sasa akaona kwamba alilolikiri ni lile la ndani, ambalo lingebaki kati ya kuta nne na lingeweza kusamehewa na mtu mmoja. Lililokuwa nje lilikuwa linatembea kwa miguu, mlango kwa mlango, likiwa na jina la mdogo wake.

Akainuka kwenye ndoo.

"Unakwenda wapi?"

"Nje."

"Dada, acha. Utazidisha maneno."

"Yameshazidi," alisema. "Yamefika saluni. Na nilikuwepo, nikanyamaza."

Alilisema hili la mwisho akimtazama machoni, kwa sababu alikuwa na deni nalo, na akaona lilivyomwingia. Spana aligeuka akaokota kifuko kitupu cha gololi, akakikunja mara mbili, akakikunja tena.

* * *

Jumamosi mchana mtaa mzima uko nje. Watu wanaosha magari, wanasuka, wanabishana juu ya mpira. Mama Stoo alipita katikati yao na ndala zenye vumbi jeupe na gauni lililolowa kiwiko, yeye ambaye hakuwahi kuonekana barabarani bila viatu vya kufunga. Aliamkiwa mara tatu, akaitikia mara moja.

Mkunga alifungua geti mwenyewe.

"Umemuuliza?"

"Sikumuuliza, hakuna la kumuuliza. Wezi niliwatunga mimi. Nilinunua nanga ya kufungia baiskeli kwa kuwa nilimshuku ndugu yangu kwa kosa asilolifanya, na sikuwa na uso wa kumwambia. Nikamwambia umeibiwa wewe. Alikuja kwako akiamini una shida. Yale yote aliyokuuliza, alikuwa anakupa pole."

Mkunga alishika nguzo ya geti. Macho yake madogo yalimpima Mama Stoo kutoka kichwani hadi ndala.

"Na uani pale? Nilikuwa mbele yako. Mbona ulisema utamuuliza?"

"Niliona aibu."

"Na sasa huoni?"

"Naona zaidi. Ndiyo maana nimekuja haraka."

"Mficha uchi hazai," alisema Mkunga, "nami nimewaona wengi wanaojaribu." Hakutabasamu. "Umenifanya nimtazame mtoto wa watu kama mwizi mlangoni pangu. Nitakwenda kumwomba radhi mwenyewe, hilo ni langu. Lakini wale wawili siwaendei. Nilikwenda kuwaambia kwa miguu yangu. Nawe una miguu."

"Ninayo."

Saluni ilikuwa imejaa. Wanawake watano, mmoja akiwa chini ya kikaushio ambaye ilibidi arudiwe neno zima kwa sauti ya juu, kwa hiyo Mama Stoo alilisema mara mbili, na mara ya pili lilisikika hadi nje. Mwenye saluni alisema, "Maskini yule kaka," kisha akasema, "Na wewe, Mama Stoo, kumbe!" Kumbe hiyo ilimfuata mlangoni. Alijua itamfuata hadi kazini, kwa wapakizi, na wapakizi hawana dogo.

Duka la fundi cherehani lilikuwa mwisho wa mtaa, mlango wa buluu. Mzee alikuwa amekiinamia cherehani, mguu unakwenda, kitambaa kinapita, midomo imebana pini. Mbele yake walikaa wateja wawili ambao Mama Stoo hakuwajua. Alitamani angalau wangekuwa wanaondoka. Hawakuwa wanaondoka, mmoja wao alimsogezea nafasi kwenye benchi.

Fundi alizitema pini kiganjani.

"Karibu, Mama Stoo. Pole. Nimesikia habari za ndugu yako, kumbe amerudia—"

"Hukusikia sawasawa," alisema Mama Stoo, akiwa bado kizingitini. "Na aliyesababisha usisikie sawasawa ni mimi. Simamisha hicho cherehani kwanza."